KINGA ISIYOGUSIKA NA KINGA YENYE BEI

Kila mchezo una ngao yake. Mcheza bao ana nyumba yake, ambayo huilinda kama mboni ya jicho, na mcheza karata ana turufu yake, ambayo huificha mpaka saa ya dhiki. Lakini ngao zote hizo zina mwisho wake: nyumba ya bao huliwa, na turufu hupigwa na turufu kubwa kuliko yenyewe. Leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za ngao ya namna nyingine, iliyotungwa kwa neno moja tu na kupigwa chapa juu ya karata. Ngao hiyo ilipoingia mchezoni ilimwacha hasimu amekaa na karata zake mkononi kama mtu aliyefungwa kamba. Na ajabu ni kwamba wale wale walioibuni ndio walioona, baada ya miaka, kuwa imepita kiasi, wakaitafutia badala yake.

Mchezo wenyewe huitwa Magic: The Gathering. Aliyeutunga ni Richard Garfield, Mmarekani aliyesomea hisabati mpaka akapata shahada ya udaktari. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast, jina ambalo ukilitafsiri utapata "Wachawi wa Pwani". Msomaji usistuke, pwani hiyo si yetu. Kampuni hiyo iko katika jimbo la Washington, upande wa Bahari ya Pasifiki huko Marekani. Mwaka 1999 ilinunuliwa na Hasbro, watengenezaji mashuhuri wa vitu vya kuchezea watoto, na mchezo wao umeenea nchi nyingi za dunia.

Najua wako wazee wetu watakaouliza mambo mawili kabla hawajasoma mbele. La kwanza, je, hii si kamari? Jawabu ni kwamba katika kanuni za mwaka 1993 kila mchezaji aliweza kuwekea dau karata yake moja, na mshindi akazichukua zote mbili. Desturi hiyo iliachwa, na karata zilizotajia dau zikapigwa marufuku katika mashindano. La pili, je, huu si uchawi? Uchawi uliomo humo ni wa hadithi, kama ule wa masimulizi ya majini tuliyosimuliwa na bibi zetu. Hata hivyo kila mzazi ana hukumu yake katika nyumba yake, nami sikukusudia kumtolea mtu fatwa. Nilivutwa na jambo moja tu, nalo ni hiyo ngao.

JINSI UNAVYOCHEZWA

Karata hizi si zile 52 tulizozizoea za kopa, uru, shupaza na pau. Kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe, lisilopungua karata 60, ambalo amelichagua nyumbani katika maelfu ya karata zilizokwisha kuchapwa. Huanza na karata saba mkononi na uhai wa alama 20. Kila zamu huvuta karata moja. Karata nyingine ni ardhi, kama vile msitu, kisiwa au mlima, nazo humpa nguvu ya kulipia karata nyingine. Karata nyingine ni viumbe, ambao hutumwa kwenda kumpiga hasimu na kumpunguzia uhai. Na nyingine ni mapigo ya uganga: radi ya kumwunguza kiumbe, upepo wa kumrudisha alikotoka, au baraka ya kumwongezea nguvu. Atakayeufikisha uhai wa mwenzake kwenye sufuri ndiye mshindi.

Neno kubwa katika kanuni zake ni "kulenga". Mtu akitaka kumpiga radi kiumbe cha mwenziwe, sharti kwanza akitaje: nakilenga hiki. Na hapo ndipo utamu wa mchezo ulipo, kwa sababu yule mwenye kiumbe naye hupata nafasi ya kujibu. Mmoja hunena, mwingine hujibu, kama malumbano ya washairi wawili katika baraza.

Nitatoa mfano ambao watu wa pwani watauelewa mara moja. Mnamo Desemba 1993 lilitoka fungu la karata lililotungwa kwa kufuata hadithi za Alfu Lela Ulela. Humo mna karata iitwayo King Suleiman. Sisi Waislamu hatuwachori Mitume, na jina la Nabii Suleiman, alayhis-salaam, hatulichezei; hilo nalisema wazi. Lakini waliotunga karata hiyo walijua habari ya majini kumtii, kwa hivyo wakaipa kazi moja tu: kumlenga jini au ifriti mmoja na kumwangamiza. (Fungu hilo hilo lilikuwa na karata iliyopewa jina la Jihad, ambayo kampuni iliiondoa mwaka 2020 pamoja na nyingine zilizoonekana kukashifu watu.) Sasa hebu fikiri, msomaji: ikiwa jini la hasimu yako lina neno lisemalo kwamba halilengwi, karata ile itafanya nini? Haitafanya lolote. Itakaa mezani inatazama tu.

KINGA ZA KWANZA

Ngao za mwanzo zilikuwa na mipaka yake. Mchezo huu una rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Katika toleo la kwanza kabisa la mwaka 1993 walikuwamo askari wawili wapanda farasi, mmoja wa rangi nyeupe na mwingine wa rangi nyeusi. Wa rangi nyeupe alikingwa na kila kitu cha rangi nyeusi, na wa rangi nyeusi alikingwa na kila kitu cha rangi nyeupe. Kukingwa huko kulikuwa na maana nne: rangi ile haimdhuru, haimzuii njiani, haimlengi, wala haimvishi kitu. Lakini rangi nyingine zote zilimpata kama kawaida. Mwenye kinga alikuwa salama upande mmoja na wazi pande nyingine.

Katika lile fungu la Alfu Lela Ulela mna mfano mzuri zaidi. Ipo hadithi humo ya mhunzi aliyeweza kuutia mkono wake motoni asiungue. Watunzi wakamfanya karata, wakamwita mhunzi aliyetubu, na wakamkinga na rangi nyekundu, ambayo ndiyo rangi ya moto. Hapana mtu anayeweza kulalamika juu ya kinga kama hiyo. Moto hautamwunguza mhunzi, lakini maji yatamzamisha.

SANDA

Baadaye wakatafuta ngao pana zaidi, ya kumkinga kiumbe na kila rangi. Tangu miaka ya 1990 palikuwa na viumbe ambao karata zao ziliandikwa kwa maneno marefu kwamba hawalengwi na mtu yeyote. Mwaka 2007 maneno hayo marefu yakafupishwa kuwa neno moja la Kiingereza, ambalo kwa Kiswahili ni sanda.

Nami naona jina hilo halikukosea. Mtu aliyekwisha kuvikwa sanda adui hawezi tena kumdhuru, lakini na dawa ya mamake pia haimfai kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kiumbe mwenye sanda: hasimu hakuweza kumlenga kwa radi, na mwenyewe hakuweza kumlenga kwa baraka. Hakuvishwa silaha, hakuongezewa nguvu, hakutibiwa. Alibaki vile vile alivyozaliwa. Ilikuwa ngao kubwa, na gharama yake ilikuwa kubwa vile vile, na gharama hiyo aliilipa mwenyewe mwenye ngao.

Lakini wachezaji wengi hawakuipenda gharama hiyo. Binadamu ndivyo alivyo: hutaka mlango ufungwe kwa jirani, uwe wazi kwake.

HEKSIPRUFU

Basi mlango wa namna hiyo ukapatikana. Mwaka 2003 lilichapwa zimwi moja liitwalo Troll Ascetic, ambalo hasimu hakuweza kulilenga lakini mwenye nalo aliweza. Wachezaji wakalipenda mno. Viumbe wengine wa jinsi hiyo wakafuata, na katika toleo la Julai 2011 sifa hiyo ikapewa jina lake rasmi, ambalo kwa matamshi yetu ni heksiprufu. "Heksi" ni uchawi wa kumdhuru mtu, neno ambalo Waamerika walilipata kwa wahamiaji wa Kijerumani, na "prufu" ni ile ile tuitumiayo tunaposema saa ni wotaprufu. Kama vile maji yasivyoingia katika saa, ndivyo uchawi wa hasimu usivyoingia kwa kiumbe huyo.

Kwa kulitazama, neno hili lilikuwa sanda iliyofunguliwa upande mmoja. Tofauti ni ndogo katika maandishi lakini katika mchezo ni kama usiku na mchana. Nitaeleza kwa nini.

Kwa kawaida mchezaji anayemvisha kiumbe chake mapambo ya nguvu hujiweka hatarini. Akitumia karata tatu kumpamba kiumbe mmoja, na hasimu akatumia karata moja ya radi kumwua, zote nne zimekwenda kaburini kwa bei ya moja. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu apime, asubiri, asitie mali yake yote katika jahazi moja. Heksiprufu iliiondoa hofu hiyo. Sasa mtu angeweza kumchukua kiumbe dhaifu kabisa, kama yule aitwaye Slippery Bogle wa mwaka 2008, mwenye nguvu ya alama moja tu na asiyegharimu chochote ila ardhi moja, akamvisha vitu juu ya vitu mpaka akawa jitu, na hasimu asiweze kumgusa. Watu wakatunga mafungu mazima kwa ajili ya hila hiyo, na mafungu hayo yakashinda mashindano.

Mimi mwenyewe niliyaona hayo kwa macho yangu, pale mpwa wangu anayekaa Uingereza alipokuja Mombasa likizo na sanduku la karata zake. Tuliketi barazani baada ya sala ya alasiri, akanipa fungu moja na yeye akachukua jingine. Zamu ya kwanza akatoa hicho kiduchu chake. Zamu ya pili akakivisha ngao, ya tatu upanga. Mimi nilikuwa na karata tatu za radi mkononi, nikamwambia nampiga.

"Mjomba, soma karata," akanijibu kwa adabu. "Huyu halengwi."

"Basi nifanye nini?"

"Huna la kufanya, Mjomba. Ngoja tu."

Nikangoja, na zamu mbili baadaye uhai wangu ukesha. Tukacheza tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu nikamwuliza kama vijana wenzake huko Uingereza wanaupenda mchezo wa namna hii. Akanyamaza kidogo akizikusanya karata zake, kisha akasema: "Nashinda, Mjomba, lakini watu hawapendi kuketi nami mara ya pili."

Maneno hayo yalinigusa kuliko kushindwa kwenyewe. Kijana alikuwa amenunua karata zake kwa pesa za jasho lake, akazipanga kwa akili, akafuata kanuni zote. Hakumdhulumu mtu. Lakini alikuwa amejipatia ushindi unaomfukuzia wenzake, kwa kuwa aliyeketi mbele yake hakuwa tena mshindani; alikuwa mtazamaji. Kazi yake ilikuwa kuhesabu uhai wake unavyokwisha. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na kila aliyeifurahia heksiprufu mkononi mwake aliichukia alipoikuta mkononi mwa mwenzake.

TUNDU LA NGAO

Lakini hakuna ngao isiyo na tundu, na matundu ya heksiprufu yana mafunzo yake.

La kwanza ni kwamba humkinga mtu na linalomtaja yeye. Halimkingi na linalowashukia wote. Tangu mwaka 1993 imo katika mchezo huu karata inayoangamiza viumbe vyote vilivyoko mezani, vya huyu na vya yule, na mwaka 2009 ikatolewa nyingine ya kazi hiyo hiyo, iitwayo Day of Judgment, yaani Siku ya Hukumu. Karata hizi hazilengi mtu, kwa hivyo haziulizi nani ana kinga na nani hana. Kiumbe aliyepambwa kwa karata tano huondoka sawasawa na aliye uchi. Sina haja ya kumfafanulia msomaji Mwislamu maana ya jambo hilo. Jina la karata limekwisha kusema.

Tundu la pili ni la hila. Mwaka 1997 ilitolewa karata iitwayo Diabolic Edict. Hiyo haimlengi kiumbe, humlenga mwenye kiumbe: humwamuru atoe kafara kiumbe chake kimoja, achague mwenyewe. Ikiwa ana viumbe wengi hutoa aliye mnyonge. Lakini ikiwa ametia tamaa yake yote kwa kiumbe mmoja, basi hana uchaguzi. Ni huyo huyo kipenzi chake atakayemchinja kwa mkono wake. Kinga haikuvunjwa. Ilizungukwa tu, kama mwizi anayeuacha mlango wa chuma akamwendea mwenye funguo.

Hata hivyo matundu haya hayakutosha kuuponya mchezo. Si kila rangi ina karata kama hizo, na asiyekuwa nazo alibaki kungoja. Mwaka 2018 watunzi walijaribu kuipunguza ngao kwa kuirudisha kwenye rangi, kama ilivyokuwa zamani: askari wa rangi nyeupe asilengwe na rangi nyeusi tu, na wa rangi nyeusi asilengwe na rangi nyeupe tu. Wakarudi palepale walipoanzia miaka 25 nyuma. Lakini dawa yenyewe ilikuwa bado.

KAGO

Dawa ilitolewa Aprili 2021. Ni neno jipya, nami sioni neno la Kiswahili linaloweza kulifasiri vizuri kuliko kago. Wazee wetu wa mashamba wanalijua: mwenye mnazi huweka kago shambani mwake, na atakayechuma bila ruhusa, husemwa, hulipa kwa mwili wake. Mashekhe wetu wametukanya tusitegemee mambo hayo, na wanasema kweli. Neno nalichukua kwa ajili ya mchezo tu.

Kazi ya kago ni hii. Kiumbe mwenye kago analengwa. Hasimu yuko huru kumtaja na kumpiga. Lakini akishamtaja hudaiwa malipo, na asipolipa pigo lake hupotea bure. Malipo huandikwa juu ya karata yenyewe. Pengine ni nguvu zaidi ya ardhi, pengine ni kutupa karata ya mkononi, na pengine ni uhai: mchawi mmoja wa toleo hilo, Sedgemoor Witch, humtoza anayemlenga alama tatu za uhai, nawe unakumbuka kwamba mtu huanza na 20 tu.

Tazama mabadiliko yalivyo makubwa. Heksiprufu humwambia hasimu: huwezi. Kago humwambia: waweza, lakini je, uko tayari kulipa? Yule aliyekuwa mtazamaji amekuwa mshindani tena. Sasa hana budi kupima. Nilipe leo uhai wangu niondoe balaa hii, au ningoje zamu moja niwe na nguvu zaidi? Na mwenye kiumbe naye hofu yake imemrudia: hajui kama mwenzake atalipa, kwa hivyo hathubutu kutia mali yake yote katika jahazi moja. Wote wawili wanafikiri, wote wawili wanaogopa, wote wawili wana tamaa. Naam, hapo pana mchezo.

Tangu hapo kago ndilo limekuwa kinga ya kawaida katika karata mpya. Heksiprufu haikufutwa; hutolewa kwa uchache, na zile karata za zamani zingali zikichezwa na wenye nazo.

Mimi nimeyapima mambo haya nikaona kwamba watunzi wa mchezo huu walichukua miaka 28, tangu 1993 hadi 2021, kujifunza jambo moja. Kumlinda ulichonacho si kosa. Ni haki ya kila mwenye mali. Lakini ulinzi unaomnyima mwenzako hata nafasi ya kujibu humfukuza yule unayemhitaji, kwani hakuna anayeweza kushinda peke yake mezani. Ulinzi wenye bei humwacha mwenzako kitini.

Na Kiswahili chetu kililijua jambo hili zamani. Neno "kinga" kwetu lina maana mbili. Ni ngao ya kumzuia adui, na pia ni kile kipande cha ukuni chenye moto jikoni. Ndipo wahenga wakanena: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukuni mmoja, hata ungelindwa vipi, hutoa moshi tu.